Kinyago cha Mbweha Mlangoni kwa Ermitas

Mwanamume anayekimbia asubuhi nzima na kengele za ng'ombe kiunoni, kisha akafika mezani kwake na kusema ameshiba, amekula kwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia Jumapili ile ya kanivali, na sikuona sababu ya kujiambia vinginevyo. Nilikuwa nimekaanga filoa, zile chapati zetu za maji, nyembamba hadi unaona vidole vyako upande wa pili, kwa mafuta ya nguruwe wetu wenyewe. Nilizipanga juu ya kitambaa cheupe zikiwa bado za moto. Amaro, mume wangu, alilitazama rundo lile kama mtu anayetazama mvua, akasema tumbo limejaa. Nikamuuliza limejaa nini. Akasema limejaa tu.

Nilisubiri apande kubadilisha nguo, nikaliokota shati lake. Miaka yote shati la kanivali nalikamua kama kitambaa cha kupigia deki, maana vazi lile ni zito na mbio zake si za mchezo. Safari hii lilikuwa kavu. Nikalinusa. Lilinukia moshi wa jiko la mtu mwingine, na majani ya mlori ya kuungia mchuzi, na si jasho hata kidogo.

Katika bonde letu, pelikeiro, yaani mkimbiaji wa kanivali kama Amaro, si mtu wa kuchezewa. Anavaa kaptura ya vishada, kizibao cha kung'aa, na kinyago cha mti chenye mashavu mekundu na kicheko kisichofutika, na juu ya kinyago kuna kofia pana ya bati yenye picha ya mnyama. Mnyama wa nyumba yetu ni mbweha. Baba mkwe alimchora mwenyewe. Mkononi ana mjeledi, na asiyevaa kinyago akipigwa hajibu. Hakuna anayemgusa pelikeiro wala kumwita jina. Akivuliwa kinyago hadharani, basi tena, vazi analitundika mpaka anakufa. Na ni kazi ya wanaume. Sisi wanawake tunashona vishada, tunafua, tunapika na tunapigwa mijeledi.

Tangu tuoane nilikuwa namvalisha mimi. Namfunga mkanda, nakaza kengele nyuma, nampiga kofi la mgongoni aende. Mwaka huu akasema atavalia ghalani kwa Ermitas, eti ni karibu na kanisa. Kutoka kwetu hadi kanisani unaweza kwenda na kurudi kabla maziwa hayajachemka.

Huyo Ermitas ni mwanamke mjane, mrefu kama mlango, mwenye mabega ya kubebea mtungi wa divai. Msimu wa kuchinja huitwa nyumba kwa nyumba kukata nguruwe. Ana gari lake la mizigo, haombi mtu lifti. Na tumbo la nguruwe analolishindilia mbavu na kulikausha kwa moshi linasifiwa kila meza ya kijiji, pamoja na meza yangu, na mume wangu, huku mdomo wake umejaa. Sikuwa nimelitilia maanani jambo hilo. Sasa nililitilia.

Jioni ile ile ya Jumapili nilijificha nyuma ya ukuta wa kisima cha kufulia. Mapelikeiro walipita wakishuka kutoka uwanjani, kengele zinarindima, watoto wanakimbia mbele wakipiga kelele. Mbweha alibaki nyuma. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia mlango wa uani wa Ermitas bila kubisha hodi. Mtu habishi hodi pale anapojiona yuko kwake. Nikarudi nyumbani, na muda si mrefu Amaro akatokea, nywele zimechanwa, mkononi ana mjeledi, akaniuliza kwa nini viatu vyangu vina tope.

"Nilikuwa kisimani," nikamwambia. "Na wewe?"

"Mbioni. Kwani mimi huwa wapi siku kama ya leo?"

Alinijibu bila kupepesa macho. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu Amaro hajui kusema uongo, na kama amejifunza, basi amefundishwa na mtu.

Jumatatu nikamtega. Nilitoa kila kitu kilichokuwa kinaning'inia juu ya meko: nusu ya kichwa cha nguruwe, mguu wake wa mbele uliokaa kwenye chumvi tangu kuchinja, soseji nyekundu. Nikavitokosa pamoja na dengu, viazi na zile mboga chungu za msimu wa baridi, hadi nyumba nzima ikanukia. Mwanamume mwenye dhamiri safi angelia kwa furaha. Amaro alikula mboga na kiazi. Nyama aliikatakata vipande vidogo, akaisogeza huku na huku, na nilipoinama kuokota kijiko nilimwona mbwa wetu chini ya meza, masharubu yanang'aa mafuta, hata hawezi kuniangalia.

Nikaanza kuunganisha na mengine. Tangu Krismasi alikuwa halali kitandani sawasawa; anaegemea mito, au anabaki kwenye kiti karibu na moto, eti mgongo. Akipanda ngazi anasimama katikati, mkono kwenye ukuta, anawaza. Nilijua anamwaza nani. Watoto wetu wako Uswisi, nyumba ni ya watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa anasimama kwenye ngazi akimuwaza mwanamke mwingine. Usiombe kukaa na kitu kama hicho kifuani. Niliogopa kumpoteza, na kwa kuwa kuogopa kunanikera, nilikasirika.

Nikakosea nikamwambia wifi yangu Eudosia, dada yake Amaro, mwanamke ambaye mdomo wake hauna pazia. Kufikia jioni, tulipopanda uwanjani kurushiana udongo wenye sisimizi kama tufanyavyo kila Jumatatu ya kanivali, wanawake walikuwa wananitazama kwa huruma na kumtazama Ermitas kwa kucheka. Ermitas mwenyewe alikuwa anachechemea kidogo, macho mazito kwa usingizi, na nikaona nayo hiyo ni dalili. Nilijaza viganja viwili udongo, sisimizi wamelowa siki ya kuwatia hasira, nikammiminia kwenye kola ya shati.

Hakunirudishia. Alijikung'uta shingo, akanisogelea. "Obdulia, nina neno na wewe. Tukae mahali dakika mbili."

"Neno lako mpelekee aliyezoea kula kwako," nikamwambia, na nilihakikisha Eudosia amesikia.

Akabaki amesimama, sisimizi wanamwuma. Nikaondoka kifua mbele, na kwa kweli nilijisikia vizuri hadi nilipofika nyumbani.

Usiku sikulala, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Jumanne ni siku ya mwisho, kijiji kizima kinakuwa uwanjani. Nitamsubiri mbweha katikati ya watu, nitamvua kinyago, na mbele ya wote atanijibu kile chakula anakila wapi. Nilimwambia Eudosia tukiwa tunakata keki ya siagi ya kugawia wageni. Wifi yangu, ambaye hupenda balaa likiwa la wengine, safari hii aliweka kisu chini.

"Wifi, fikiria. Ukimvua kaka yangu hadharani umemuua. Hatavaa tena maisha yake yote. Wamzomee mpaka uzeeni?"

"Kesho si tunafunga kanivali kwa kuzika sardini? Basi azikwe naye, jeneza moja."

Hakucheka. Aliniuliza kama nimeshamwuliza Amaro mwenyewe, kwa maneno ya kawaida, mtu na mumewe. Nikasema mtu anayekudanganya kuhusu filoa atakudanganya kuhusu kila kitu. Nikavua aproni.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi ngazi za kanisa. Wazee wanapitisha vikombe vya pombe ya anisi, wageni wa mjini wanapiga picha, na kila mahali mafuta ya maandazi yale tunayoyaita masikio yalikuwa yananukia. Kisha zikasikika kengele, watu wakagawanyika kupisha. Mapelikeiro walipanda wakirukaruka, mijeledi hewani. Mbweha alikuwa wa mwisho. Nilimwona anakanyaga kwa tahadhari, kama mtu mwenye kiatu kinachobana, na nikajisemea, bwana, leo utavua na hicho kiatu.

Niliingia katikati ya njia. Alijaribu kunikwepa. Nikamdaka mkanda wa kengele kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikaishika kamba ya kinyago nyuma ya kisogo. Ngoma zilikoma. Sijawahi kuusikia uwanja wetu ukiwa kimya siku ya kanivali. Hakuna mwanamke wa bonde hili aliyewahi kufanya nilichokuwa nafanya, na kila mtu pale alilijua hilo.

Kinyago kilikuwa kinanichekea karibu na pua yangu. Ndani yake mtu alikuwa anahema, na akasema kwa sauti ya chini, "Obdulia, usinivue. Ni mimi, Ermitas."

Vidole vyangu vilikuwa tayari vimelegeza fundo.

"Mumeo yuko jikoni kwangu," akaendelea. "Moyo wake ni mgonjwa. Alianguka siku ile tunachinja. Aliniapisha nisikwambie."

Mimi si mtu mwema, naomba ijulikane. Kwa sekunde chache bado nilitaka kuvuta. Nilifikiri hawa wawili wamepanga uongo wao hadi mwisho, nilifikiri sauti yoyote iliyonaswa ingesema chochote. Lakini mambo yakawa yananijia moja moja bila kuitwa: mito, kiti karibu na moto, mkono ukutani katikati ya ngazi, shati kavu, mbwa amenenepa. Yote niliyahesabu mwenyewe, nikayajumlisha mwenyewe, nikapata jibu la mke mwenye wivu. Na watu walikuwa wanatungoja. Nikivuta, wataona uso wa mwanamke ndani ya vazi la mbweha, na Amaro hatatembea tena barabarani bila kusikia kicheko nyuma yake, na huyu mjane atatengwa na kila nyumba inayochinja.

Nikalikaza fundo. Kisha nikageukia watu na kusema kwa sauti ya sokoni, "Nilitaka kuhakikisha ni mume wangu. Ni yeye. Harufu yake naijua."

Wakacheka, lakini si wote. Kuna wazee watatu wanne kwenye ngazi walikuwa wamekunja nyuso, wanasubiri. Pelikeiro akiguswa anapiga. Mbweha alikuwa amesimama tu, mjeledi umelegea.

"Nipige," nikamnong'oneza. "Piga sasa hivi, la sivyo watajua."

Pigo la kwanza lilikuwa la kuigiza, halikunasa hata soksi. Wazee hawakukunjua nyuso. La pili lilikuwa la wale sisimizi. Yaliyofuata yalikuwa ya maneno niliyoyasambaza kijiji kizima, na Ermitas ana mkono wa kupasulia mbavu za nguruwe. Alinipiga miguuni hadi nikaruka mbele ya picha za wageni. Watu wakashangilia, ngoma zikarudi. Eudosia peke yake hakushangilia. Alikuwa anaitazama miguu ya mbweha, kisha ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafunga mdomo wake.

Nilipita uchochoroni, vigimbi vya miguu vinawaka moto, nikaingia mlango wa uani wa Ermitas. Na mimi sikubisha hodi.

Amaro alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi magotini, soksi bila viatu. Alikuwa ameusikia ule ukimya wa uwanjani. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na aliniuliza swali moja tu.

"Umenivua?"

"Nimekushika. Nikawaambia watu ni wewe."

Alifumba macho. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yake, nikavuta sahani yake, nikaonja. Mboga chungu na kiazi cha kuchemsha. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna hata kivuli cha nyama. Nikamwuliza chakula gani hiki. Akasema cha daktari. Kisha akanieleza yote, taratibu, akipumzika katikati ya maneno: alikuwa ameshika mguu wa nguruwe uani hapa hapa akaona giza; Ermitas alimpakia kwenye gari hadi hospitali ya mjini, akanidanganya mimi kwamba wamekwenda kununua chumvi. Moyo una vali mbovu. Asibebe, asikimbie, asile chumvi wala mafuta. Baada ya Pasaka watampasua.

"Wakiweza," akasema.

"Na mimi nilikuwa nijue lini? Kwenye jeneza?"

"Nilisema nitakwambia kanivali ikiisha."

"Ermitas ajue, mimi nisijue. Mimi ni nani yako, Amaro?"

Aliisogeza sahani kando. "Ermitas hanihitaji niwe mtu yeyote," akasema. "Wewe ulisema mlangoni kwa baba yako, vijana wote wamesimama, kwamba hutalala na mwanamume anayeitazama kanivali dirishani."

Nililazimika kutafuta kichwani ilikuwa lini. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kitambaa kipya kichwani.

"Nilisema ili wacheke," nikamwambia.

"Walicheka. Mimi nilikwenda kumwomba baba yangu vazi lake."

Nilitaka kumrushia sahani ile. Maisha yetu yote alikuwa amenibebea maneno ya msichana mpumbavu, akayabeba mlimani na bondeni na kengele juu yake, hata moyo ulipomwambia basi akaona heri aazime miguu ya mwingine kuliko kuniambia mimi. Na mimi nilikuwa na jeuri ya kunusa mashati. Nililia kwa hasira, na kwa hofu, na sikujificha. Alininyooshea kitambaa cha mezani cha Ermitas, nikapenga kamasi humo makusudi.

Huko juu kengele zikageuka. Zilikuwa zinaanza kushuka kwa mara ya mwisho, na mara ya mwisho kila mtu husogea dirishani au mlangoni kuaga. Amaro alianza kuinuka, kisha akakumbuka, akarudi nyuma ya kabati asionekane. Mtu mzima na nywele zake nyeupe, amejibanza nyuma ya kabati la vyombo. Nikaenda nikafunga mbao za dirisha, zote mbili, nikapiga komeo. Jiko likawa giza isipokuwa makaa. Nikamrudisha kwenye kiti na mimi nikakaa kando yake.

Walipita karibu kabisa na ukuta. Aliwatambua mmoja mmoja kwa mlio: huyu ni yule wa dubu, huyu wa kunguru, huyu kengele yake ina ufa. Kisha zikapita kengele ninazozisugua mimi kwa majivu na ndimu kila mwaka, nzito, zimechoka, mguu mmoja ukichelewa.

"Ameumia kifundo," Amaro akasema. "Lakini kengele anazipiga vizuri. Anazipiga vizuri kuliko mimi."

"Sasa moyo wako ukoje?" nikamwuliza.

"Uko sawa. Umetulia."

Sikumwamini. Nilifungua kifungo cha shati, nikapenyeza mkono, nikauweka pale mwenyewe. Ulipiga, ukapiga, ukasita. Nilingoja nimebana pumzi, kengele zinafifia kuelekea mtoni, hadi ukapiga tena. Akaniambia mkono wangu ni wa baridi, niutoe. Sikuutoa.